Niliyoyaona ndani ya kampeni: kwa nini wagombea huchafuana

Sijawahi kumwona mgombea aliyeanza kampeni kwa kusema atamchafua mwenzake. Katika kampeni zote nilizofanyia kazi, nikiandika hotuba, vipeperushi na majibu kwa waandishi wa habari, siku za mwanzo huwa ni za maneno matamu. Tutamwaga sera. Hatutashughulika na mtu, tutashughulika na hoja. Mgombea huyasema hayo kwa moyo mweupe, na sisi tuliomzunguka tunatikisa vichwa kukubali, wakiwemo wale ambao tayari wana faili la mpinzani nyumbani.

Kinachogeuza upepo ni takwimu. Nakumbuka kikao kimoja ambapo matokeo ya utafiti wa maoni yalikuja yamechapwa kwenye karatasi moja tu. Karatasi ikazunguka mezani, kila mmoja anaisoma na kumpa wa jirani yake bila neno, mpaka ikamfikia mgombea. Tulikuwa nyuma kwa tofauti isiyozibika kwa mikutano ya hadhara. Meneja wa kampeni hakuuliza sera gani iongezwe. Aliuliza, "Mwenzetu ana kura zipi ambazo hazijashikamana naye sawasawa?"

Mgombea akasema, "Tukianza kurusha madongo, wananchi watatuonaje?"

Meneja akamjibu, "Mheshimiwa, kwa sasa hawatuoni kabisa."

Tangu kikao kile niliacha kuamini kwamba wagombea huchafuana kwa sababu ya chuki. Wanaochukiana wapo. Lakini nimeshuhudia mgombea akimwandama mtu aliyekuwa rafiki yake wa miaka mingi, na nimeshuhudia mahasimu wa kweli wakimaliza kampeni nzima bila kutajana, kwa kuwa hesabu haikuwaruhusu. Ni hesabu, tena hesabu inayopigwa na watu wenye hofu, saa za usiku, wakiwa wamechoka.

Hesabu ya kwanza ni ya aliye nyuma. Mfano unaotajwa sana na watu wa kazi hii ni wa uchaguzi wa urais wa Marekani mwaka 1988. Mwezi Julai, baada ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic, utafiti mmoja wa maoni ulimweka Michael Dukakis mbele ya George H. W. Bush kwa pointi 17. Bush alikuwa makamu wa rais na watu walikwisha kumjua, kwa hiyo kumsifu zaidi kusingeongeza kitu. Dukakis, gavana wa Massachusetts, alikuwa hajulikani vizuri nje ya kwao. Timu ya Bush, chini ya meneja wake Lee Atwater, ikajitwika kazi ya kumtambulisha Dukakis kwa wapiga kura kabla hajajitambulisha mwenyewe: mlegevu kwa wahalifu, mtu asiyeaminika kwenye ulinzi. Kundi la nje ya kampeni rasmi likarusha tangazo la mfungwa wa Massachusetts ambaye alipewa ruhusa ya mwisho wa wiki, akatoroka na kufanya ukatili. Picha ya mfungwa yule, ambaye alikuwa mtu mweusi, ilifanya kazi ambayo maneno hayakuthubutu kuifanya, na ndiyo maana tangazo lile linakumbukwa kwa ubaya mpaka leo. Dukakis alikaa kimya kwa muda mrefu akidhani watu watayapuuza. Mwezi Novemba Bush alishinda majimbo 40.

Baadaye Dukakis mwenyewe alisema kunyamaza kulikuwa kosa lake. Kampeni zilizofuata zililishika somo hilo kuliko jingine lolote: jibu kabla jua halijazama. Nami nimeajiriwa zaidi ya mara moja kwa kazi hiyo tu, kukaa karibu na simu nikisubiri kombora liingie ili jibu litoke kabla ya taarifa ya habari ya jioni. Ni kazi yenye uraibu wake. Mtu akishazoea kujibu, haichukui muda kabla hajashawishika kutangulia.

Lakini si wa nyuma peke yake anayeshambulia. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson wa Marekani alikuwa mbele sana ya mpinzani wake Barry Goldwater, ambaye wengi walihofia angekuwa mwepesi kutumia silaha za nyuklia, na bado kampeni yake ndiyo iliyotoa tangazo maarufu kuliko yote ya aina hii. Mtoto wa kike anachambua petali za ua huku akizihesabu, anakosea hesabu kitoto, halafu sauti nzito ya mwanamume inaanza kuhesabu kurudi nyuma, na bomu la nyuklia linalipuka. Jina la Goldwater halitajwi popote. Tangazo lililipiwa likaonyeshwa mara moja tu, tarehe 7 Septemba, na baada ya hapo taarifa za habari zikalirudia bure. Mambo mawili niliyofundishwa kazini yamo humo. Kwanza, shambulio zuri humwachia msikilizaji amalizie sentensi mwenyewe, maana kile alichokimalizia atakitetea kama wazo lake. Pili, vyombo vya habari ni mfuko wa pili wa kampeni. Nimewahi kuandaa mkutano na wanahabari kuhusu mpango wa elimu, mgombea akaongea vizuri mbele ya viti vitupu na mpiga picha mmoja aliyekuwa akitazama saa. Baada ya siku chache tuliita tena, safari hii kwa tuhuma dhidi ya mpinzani. Watu walisimama hadi mlangoni. Mgombea alinitazama bila kusema kitu, na sikuwa na la kumwambia.

Kuna pia suala la kumbukumbu ya binadamu. Tulikuwa na kawaida ya kuwakusanya watu wachache wasio wanachama, tunawapa kipeperushi wakisome, tunawaacha wazungumze mambo yao, kisha tunawauliza wamekumbuka nini. Kipeperushi kimoja kilikuwa na orodha ndefu ya mambo aliyoyafanya mgombea wetu, na chini kabisa mstari mmoja unaosema mpinzani hakuwa akihudhuria vikao. Orodha ile niliihangaikia sana. Kila neno nilikuwa nimelipima. Karibu wote walikumbuka ule mstari wa chini. Mama mmoja alisema amesoma kwamba jamaa hajahudhuria kikao miaka mitano. Hatukuwa tumeandika muda wowote. Aliuongeza mwenyewe, na aliapa ameuona kwenye karatasi.

Wanasaikolojia wana maelezo yao: akili hulipa jambo baya uzito mkubwa kuliko jambo zuri la ukubwa uleule, maana kukosa neema moja hakuui, kutoiona hatari moja kunaweza kuua. Mimi naongeza sababu ya kisiasa. Mpiga kura amekwisha kuahidiwa mengi, na ahadi haina pa kuipimia mpaka baada ya uchaguzi. Tuhuma kuhusu jambo lililokwisha kutendeka ina mahali pa kushika: tarehe, kura iliyopigwa bungeni, mkataba uliosainiwa. Kwa hiyo shambulio lenye ushahidi, japokuwa linaudhi, mara nyingi humpa msikilizaji taarifa nyingi kuliko kurasa kumi za kujisifu. Hapa natofautiana na wanaotaka kampeni zisizo na neno baya hata moja. Aliyeko madarakani hawezi kuondolewa bila mtu kusimama na kueleza alichoharibu, na mwenye rekodi mbovu ndiye wa kwanza kudai tuheshimiane.

Sasa, kukumbukwa ni kitu kimoja na kupata kura ni kingine. Mwaka 2007 mtafiti wa siasa wa Marekani Richard Lau na wenzake wawili walichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 100 kuhusu jambo hili. Waliona kwamba matangazo ya kushambulia hukumbukwa zaidi, lakini hawakupata ushahidi wa kutegemewa kwamba humletea mshambuliaji kura nyingi kuliko matangazo ya kawaida. Mshambuliaji naye hupungua machoni pa watu. Niliposoma hayo nilijiuliza swali ambalo hata wewe unajiuliza: kama faida yenyewe ni ya kubahatisha, mbona hakuna anayeacha?

Jibu nililo nalo limetoka vikaoni. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kazi kwa kushambulia. Meneja aliyeshindwa akiwa amerusha kila kitu ataambiwa alipambana, bahati tu haikuwa yake. Aliyeshindwa huku faili la mpinzani limebaki kabatini ataulizwa alikuwa analala? Wafadhili nao wanataka kuona damu; nimewaona wakichangia baada ya hotuba kali na kupiga simu kulalamika baada ya hotuba ya upole. Na wanachama wenyewe, wale wa ndani kabisa wanaojaza viti vya mbele, hawashangilii mpango wa maji. Wanashangilia kijembe. Mgombea ana masikio. Akisema jambo la maana, ukumbi unatulia. Akimtaja mpinzani kwa kejeli, ukumbi unainuka. Mpe mtu malipo ya namna hiyo jioni baada ya jioni uone kama hotuba yake haitabadilika bila yeye mwenyewe kujua.

Halafu kuna lengo ambalo kampeni hazilitangazi. Si kila shambulio linatafuta kura yako. Mengine yanataka ubaki nyumbani. Nimeandika ujumbe uliokusudiwa kwa watu wa upande wa pili ambao mapenzi yao yalikuwa yamepoa, na maelekezo niliyopewa yalikuwa wazi: hawa hawawezi kutupigia sisi, kwa hiyo usiwaombe kitu, waoneshe tu kwamba mtu wao hana tofauti na wengine. Watafiti wanabishana kama mbinu hiyo kweli hupunguza wapiga kura kwa ujumla, na yale mapitio ya 2007 hayakuona hivyo. Vikaoni hakuna anayesubiri mjadala huo uishe. Ukisikia kampeni inasema "wote ni wezi", jiulize kwa nini mtu anayetafuta kura anakubali kujihesabu humo.

Jambo ambalo watu wa nje hawaliamini nikiwasimulia ni jinsi mashambulizi mengi yanavyozuiwa. Kabla ya kumchimba mpinzani, kampeni yenye akili humchimba mgombea wake. Ni kikao kigumu kuliko vyote. Mgombea anakaa na watu wawili watatu anaowaamini, simu zote zinaachwa nje, na anaulizwa mambo ambayo hata nyumbani hajaulizwa: madeni, kesi, ndugu walioajiriwa, watoto, vyeti, picha. Nimemwona mtu mzima, mwenye jina, akigeuza kalamu vidoleni dakika baada ya dakika kabla ya kusema, "Kuna jambo moja." Kisha yakawa matatu. Orodha ile haikuandikwa mahali, lakini kuanzia siku hiyo ndiyo iliyotuamulia tunaweza kusema nini hadharani. Ilikuwa na suala la kodi ambayo haikulipwa kwa wakati, kwa hiyo kodi za mpinzani, ambazo tulikuwa tumeziandalia hotuba nzima, zikafutwa.

Katika kampeni hiyohiyo ililetwa bahasha. Aliyeileta alikuwa mtu wa karibu wa mpinzani aliyekosana naye, na ndani mlikuwa na mambo ya ndoa. Vijana wa mitandao walikuwa wamekwisha kufurahi. Mgombea aliuliza kama ni kweli, hakuna aliyejua. Akauliza kama yanahusu kazi anayoiomba. Mmoja akajaribu kujenga hoja kuhusu uadilifu, ikamshinda katikati. Ndipo meneja akauliza swali lililomaliza kikao: "Na wao wana bahasha gani juu yetu?" Ukimwaga mboga, mwenzako anamwaga ugali. Bahasha ilirudishwa kwa aliyeileta. Ningependa kusema uungwana ulishinda siku ile, lakini nilikuwepo. Hofu ndiyo iliyoshinda, na matokeo yake yalifanana na uungwana.

Bahasha kama ile ikikataliwa mlangoni huingia kwa dirisha. Mgawanyo wa kazi uko wazi: mgombea anatabasamu jukwaani, wapambe wanafanya kazi chafu pembeni. Akiulizwa, atasema hajui yaliyoandikwa na mashabiki wake, na wakati mwingine ni kweli hajui, kwa sababu amezuiwa asijue. Marekani walijaribu kuuziba mwanya huu kwa sheria ya mwaka 2002 inayomtaka mgombea wa nafasi za serikali kuu asikike ndani ya tangazo lake la redio au televisheni akisema ameliidhinisha. Wazo zuri, mtu akilazimika kutaja jina lake hupunguza ukali. Lakini ukali ukahamia kwa makundi ya nje, ambayo mgombea hawajibiki kwa yanayosema.

Uzushi nauweka kando kabisa. Kusema mtu alipiga kura dhidi ya muswada fulani, ukataja na tarehe, ni kazi halali ya siasa. Kumtungia jambo ni wizi wa kura unaofanyika kabla ya siku ya kura. Na gharama ya kutunga imeshuka mno. Januari 2024, kabla ya uchaguzi wa awali wa kuteua wagombea urais katika jimbo la New Hampshire, Marekani, watu walipigiwa simu yenye sauti ya Joe Biden ikiwashauri wasijitokeze kupiga kura. Sauti ilitengenezwa kwa akili mnemba. Mshauri wa siasa aliyeagiza kazi ile alitozwa faini ya dola milioni 6. Huyo alipatikana. Zamani uzushi wa kiwango hicho ulihitaji mtu mwenye kipaji cha kuigiza na studio. Siku hizi unahitaji mtu mwenye hasira na simu.

Shambulio pia hugeuka na kumla aliyelirusha, hasa linapogusa kitu ambacho mtu hakukichagua. Kanada, mwaka 1993, chama cha Progressive Conservative kilichokuwa madarakani kilitoa tangazo lenye picha za karibu za uso wa Jean Chrétien, kiongozi wa chama pinzani cha Liberal, ambaye upande mmoja wa uso wake ulipooza tangu utotoni. Watu wakaona mtu anachekwa kwa maumbile yake. Wagombea wa chama hichohicho wakalaani, tangazo likaondolewa haraka. Chama kilikuwa kinazama tayari kwa sababu nyingine, kwa hiyo lile tangazo halikukizamisha peke yake, lakini matokeo yalikuwa ya kutisha: kutoka kwenye wingi wa wabunge hadi viti 2. Naye Atwater wa kampeni ya 1988, akiwa anakufa kwa saratani ya ubongo mwaka 1991, alimwomba radhi Dukakis hadharani kwa ukatili wa maneno yake. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Hesabu ninayoipenda kuliko zote, kama mtu anaweza kupenda hesabu za aina hii, ni ya wagombea wanapokuwa zaidi ya wawili. Wakiwa wawili, kura inayomkimbia mmoja ina njia mbili tu: iende kwa mwingine au ibaki nyumbani. Wakiwa wanne, A akimchafua B, kura za B hazina sababu ya kwenda kwa A aliyechafua. Zinaenda kwa C aliyekuwa kimya. Jimbo la Iowa, Marekani, Januari 2004, katika mchujo wa kumpata mgombea urais wa Democratic, Howard Dean na Dick Gephardt walitwangana kwa matangazo mpaka wote wawili wakawachosha watu. John Kerry na John Edwards wakachukua nafasi ya kwanza na ya pili. Ndiyo sababu katika nchi kama Ireland na Australia, ambako mpiga kura huwapanga wagombea kwa mfuatano, kumtukana mwenzako kuna gharama ya ziada, kwani unahitaji wafuasi wake wakuandike wa pili. Kerry naye hakuachwa. Alipokuwa mgombea wa chama, kufikia Agosti mwaka huohuo, kundi la nje la maveterani lilikuwa linaishambulia rekodi yake ya vita vya Vietnam, jambo ambalo alikuwa amelitegemea kama nguzo yake.

Nimewahi kuwa upande wa C. Wagombea wawili wakubwa walikuwa wanararuana, sisi tulikuwa wa tatu kwa mbali, na maelekezo yalikuwa mafupi kupita yote niliyowahi kupewa: msimguse mtu. Wiki nzima naandika kuhusu barabara na zahanati. Wageni wakidhani sisi ndio waungwana wa uchaguzi ule, tukawaacha wadhani hivyo. Takwimu zikaanza kupanda polepole, kura zikitoka kwa wote wawili. Tulipokaribia nafasi ya pili, kijana mmoja wa ofisini akaingia na kipeperushi alichokiokota kituo cha basi. Kilikuwa na picha mbaya ya mgombea wetu, mdomo wazi, na swali kubwa jekundu kuhusu uzoefu wake.

Mgombea alikasirika. Meneja alikichukua, akakisoma mbele na nyuma, akaanza kucheka. "Mheshimiwa, hongera," akasema, "sasa wametuona." Akakibandika ukutani kwa gundi ya karatasi. Kisha akanigeukia na kuniambia nilete faili la yule jamaa.